Kuuza Nyumba ya Kona: Mipaka, Njia ya Watu na Haki za Warithi



SUALA: Marehemu baba yetu alifanya biashara Bariadi, mkoani Simiyu, na huko ameacha nyumba ya kona yenye fremu nne za duka. Sisi warithi tuko Unguja na Pemba na tumekubaliana tuiuze. Fremu mbili pamoja na kibaraza vimetokeza nje ya bikoni, upande wa barabara. Dalali anatwambia tusimjuulishe mnunuzi, kwani bei ya kona imo katika fremu hizo. Tufanyeje?

JAWABU: Ndugu zetu, kuuza nyumba yenu ni halali na hakuna ubaya ndani yake. Linalotakiwa ni kuuza kilicho chenu, na kumuonesha mnunuzi wazi kilipoishia.

Kwa nini kona ni mtihani

Bariadi ilifanywa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, mkoa ulipomegwa kutoka Shinyanga, na barabara ya Maswa hadi Lamadi inapita hapo. Katika mji wa namna hiyo nyumba ya kona hupendwa, kwa sababu ina nyuso mbili za biashara. Lakini thamani hiyo inatokana na njia mbili ambazo si mali ya mwenye nyumba. Kila anaposogeza ukuta wake hatua moja, anaingia katika haki ya wapita njia wote.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu wakikhitalifiana juu ya upana wa njia, basi iachwe dhiraa saba. Na ameonya vikali juu ya mwenye kuchukua ardhi isiyo yake kwa dhulma, hata ikiwa kiasi cha shibiri moja. Imam an-Nawawi, katika Minhaj, ameeleza kuwa ni haramu kujenga kibaraza au kupanda mti katika njia ya watu wote, na akataja kauli nyengine inayoruhusu pale pasipo na madhara. Kwa hiyo muda mrefu wa kukaa hapo hauigeuzi njia kuwa milki. Baba hakumiliki ardhi ile, na asichokimiliki marehemu hakirithiwi.

Serikali nayo ina utaratibu wake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa. Hizo zipo chini ya TANROADS. Njia nyengine za mjini zinasimamiwa na TARURA, na upana wake huangaliwa katika mchoro wa mipango miji. Nyumba ya kona inaweza kuwa na barabara ya aina moja mbele na ya aina nyengine ubavuni, basi ulizeni pande zote mbili.

Hukumu ya kuficha

Kuficha kasoro mnayoijua ni ghushi. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo huondoka. Kasoro hapa si ndogo: mnunuzi anaweza kutoa akiba ya maisha yake, kisha fremu zikawekewa alama ya X na kubomolewa bila ya fidia.

Wala haitoshi kuandika kuwa nyumba inauzwa "kama ilivyo". Katika madhehebu ya Shafi, sharti hilo halimuondolei muuzaji dhima ya kasoro anayoijua akainyamazia. Mnunuzi akigundua, ana khiyari ya kuirudisha.

Na mkiuza chenu pamoja na kisicho chenu kwa bei moja, mauzo yanasihi katika chenu tu, kwa sehemu yake ya bei. Tuseme bei ni shilingi milioni 60, na thamani ya ardhi ya nje ya bikoni ni milioni 10 kati ya hizo. Milioni 10 hizo hazina mauzo nyuma yake, na kuzigawa katika mirathi ni kugawa mali ya mtu.

Tofali, mabati na milango ya fremu hizo ni mali yenu. Mnaweza kuvibomoa na kuvichukua, au kumuuzia mnunuzi vifaa hivyo peke yake, huku mkataba ukisema wazi kwamba ardhi yake ni ya barabara.

Jirani, mshirika na njia panda

Warithi ni washirika. Mmoja wenu akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, waliobaki wana haki ya shufaa, yaani kulichukua kwa bei ileile. Jirani asiye mshirika hana shufaa kwa Imam Shafi, ilhali Mahanafi wanampa. Hata hivyo, kumuarifu jirani wa ukuta mmoja kabla ya wengine ni ihsani.

Mnunuzi akiogopa kuwa nyumba ya njia panda ina nuksi, au hutupiwa vitu vya uganga, mjuulisheni kuwa kuamini mikosi kumekatazwa. Hiyo si kasoro, na asiishushe bei kwayo.

Mambo ya kufanya

1. Lipeni kwanza madeni ya marehemu na mtekeleze wasia wake.
2. Ofisi ya ardhi ya Bara itataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha familia peke yake hakitoshi.
3. Akiwepo mrithi mdogo, fungu lake lisiuzwe ila kwa maslahi yake, na lihifadhiwe.
4. Mpima ardhi afukue bikoni mbele ya mnunuzi na majirani.
5. Ujira wa dalali ujulikane mwanzo. Akileta mnunuzi wa uongo ili kupandisha bei, hiyo ni najshi, na ni haramu.
6. Andikeni mkataba na muweke mashahidi, kama alivyoelekeza Allah katika Suratul-Baqara, aya ya 282.

Tunawausia pia, kila atakayepata fungu kubwa, alirejeshe katika nyumba au ardhi nyengine akiweza. Imepokewa na Ibn Majah kuwa thamani ya nyumba isiyowekwa katika mfano wake inahofiwa kukosa baraka.

Bei ikipungua kwa sababu ya ukweli, kilichopungua hakikuwa chenu wala cha baba yenu. Kumuepusha marehemu na madai ya watu ni katika wema mkubwa mnaoweza kumfanyia sasa.

Wallahu A'lam.