Vichwa Saba Pwani, Kimoja Masaba

Paa anasubiri ndani ya nyumba, upanga tayari (kwato hazimsumbui kabisa). Nyoka mkubwa, mwenye nyumba, anarudi. Anaingiza kichwa, kinakatwa. Anaingiza cha pili, nacho kinakwenda. Mpaka vinatimia saba. Ndicho kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikiandika Unguja kutoka kwa wasimulizi na kukichapisha London mwaka 1870.

Ukipanda bara hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba, hesabu inapungua. Ndugu zao Wabukusu, ng'ambo ya mpaka huko Bungoma, humsimulia Mango, aliyejificha ndani ya pango la joka Yabebe lililokuwa likiwamaliza watu, wana wa Mango wakiwemo. Joka liliporudi, akalikata kichwa. Kimoja tu. Mbinu ni ileile ya paa, ila malipo ni mengine: paa alimpatia bwana wake jumba na mali, Mango akapata kutahiriwa na jirani zake Wasabaoti, na hapo ndipo Wabukusu wanapoanzia kuhesabu mila hiyo. Wagisu wana chanzo chao: babu yao Masaba alimtaka msichana Nabarwa, naye akakataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa. Hata hivyo pande zote mbili hutahiri miaka ya shufwa, na imbalu ya Wagisu hufunguliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale.

Mazimwi ya mlimani, manani, nayo hutisha kwa ulafi kuliko kwa wingi wa vichwa.

Jinja ni habari nyingine. Huko Ravana wa Ramayana, jitu la vichwa kumi na mikono ishirini, alifika na Wahindi waliofuata reli, pamba na miwa. Muljibhai Madhvani alifungua kiwanda cha sukari Kakira mwaka 1930; mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ikamwagwa kwenye chanzo cha Nile. Kila Diwali familia za Kihindu zilimkumbuka Rama akirejea baada ya kumshinda Ravana, hadi mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Baadhi walirudi baadaye, na taa zikawashwa tena.

Siku hizi majitu huingia Uganda kwa njia ya vibanda vya video, ambako msimulizi aitwaye VJ huitafsiri filamu kwa Kiganda huku ikiendelea. Joka liwe na vichwa vitatu au saba, vyote husema kwa sauti ya VJ.