Klorini na gesi ya jikoni

Zipo nyumba Mikocheni, Dar es Salaam, zisizohitaji mtungi jikoni. Gesi huletwa na bomba la TPDC, shirika la petroli la taifa, na ile ya Songo Songo, Kilwa, karibu yote ni methani. Iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka huohuo, huko California, Mario Molina na Sherwood Rowland walitahadharisha kuwa gesi za friji hupanda hadi tabaka la ozoni, zikavunjwa na mionzi ya jua na kuachia atomi za klorini. Atomi moja yaweza kuangamiza molekuli laki moja za ozoni kabla ya kunaswa.

Mmoja wa wanaoinasa ni methani. Klorini huinyang'anya hidrojeni, ikawa kloridi ya hidrojeni, na ukali wake ukatulia kwa muda. Basi ilibidi kujua: huinasa kwa kasi gani?

Kazi hiyo ilikwisha kuanza Uingereza. Mwaka 1954 na 1955, Pritchard, Pyke na Trotman-Dickenson walikwepa kabisa suala la saa. Walichanganya gesi mbili katika chombo kimoja, wakaiamsha klorini kwa mwanga, kisha wakapima ipi imepungua zaidi. Mwekee mlaji sahani ya wali na ya ugali: mabaki yatakuambia anapenda nini, ila si dakika alizotumia.

Dakika, au tuseme sehemu ya elfu ya sekunde, zilipatikana miaka ya 1970. Wengine walipitisha gesi kwenye neli kwa mwendo unaojulikana, umbali ukawa ndio saa, kama abiria wa daladala anayekadiria muda kwa kuhesabu vituo (siku isiyo na foleni, bila shaka). Wengine walizalisha atomi kwa mmweko wa taa, wakatazama zikififia. Kwenye baridi kali majibu yao yaligongana, wakabishana kwa miaka.

Katika joto la kawaida, ethani, gesi ya jamii moja na methani, humenyuka na klorini kwa kasi takribani mara 570 kuliko methani, ambayo hidrojeni zake zimeshikwa kwa nguvu zaidi. Kwenye nyuzi 53 chini ya sifuri, baridi ya huko juu, kasi ya methani hubaki kama moja ya tano.

Tanzania iliingia Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuondoa gesi hizo zinazoharibu ozoni, mwaka 1993. Lakini friji kuukuu bado zipo mitaani. Mwenye nayo, amwambie fundi aikusanye gesi ya zamani, asiiachie hewani.