Kuacha Sigara kwa Kusaidiana: Aliyerudia, Mwenye Wasiwasi na Wajibu wa Wenzake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Kila Ramadhani inapokwisha, hutufikia swali moja kwa sura nyingi. Kijana ameacha sigara mwezi mzima, na siku ya pili ya Idi akawasha tena barazani. Baba ameapa mara tatu na kuvunja mara tatu, sasa anaona haya hata kuomba toba. Mke anauliza kama mumewe amefanyiwa kitu, maana tangu aache sigara halali usiku na hasemi na watu.

Kabla ya kujibu, tunakiri kosa letu. Miaka ya nyuma tulikuwa na mwenzetu mmoja katika darsa ya baina ya Magharibi na Isha. Aliacha sigara wiki kadhaa, kisha siku moja akaja akinuka moshi. Tulimsema mbele ya wenzake, tukidhani tunakataza maovu. Hakurudi darsani, na muda si mrefu hata katika safu ya sala hakuonekana. Sigara aliendelea nayo. Tulichomzuia ni msikiti. Makala hii tumeiandika ili lililompata yule lisimpate mwengine.

1. Hukumu kwa ufupi

Tumbaku iliingia katika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 Hijria, kwa hiyo maimamu wanne hawakuizungumzia. Wanavyuoni waliokuja baadaye walikhitalifiana: wapo walioihalalisha, wapo walioikirihisha, na wapo walioiharamisha, miongoni mwao Al-Qalyubi katika wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii. Khitilafu hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu madhara yake hayakuwa yamethibiti. Leo yamethibiti. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku, wakiwemo wasiovuta waliovutishwa moshi wa wenzao. Kwa hiyo wanavyuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha, kwa dalili ya makatazo ya kujitia katika maangamizi (Al-Baqarah 195), makatazo ya kuiua nafsi (An-Nisaa 29), kuharamishwa vilivyo vibaya (Al-A'raf 157), na hadithi inayokataza kujidhuru na kudhuru wengine. Nasi tunaelekea kauli hiyo. Shisha, ugoro na tumbaku inayotiwa katika tambuu zina nikotini na zina madhara yake, wala hazitoki katika hukumu hii.

Lakini mwenye kuuliza mara nyingi hukumu anaijua. Anachokitafuta ni njia ya kutoka.

2. Wasiwasi wa siku za mwanzo

Nikotini huufikia ubongo katika sekunde chache baada ya kuvuta, na ubongo huizoea. Inapokatika, mwili hudai. Ndiyo hali ambayo vijana wetu huiita arosto: hasira za karibu, usingizi kukatika, huzuni, njaa nyingi, akili kutotulia. Huanza ndani ya siku moja, huwa kali zaidi katika siku tatu za mwanzo na wiki ya kwanza, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe huja kama wimbi. Kwa kawaida hukaa dakika chache tu, ikapita hata kama mtu hakuvuta.

Lugha yetu inatatiza hapa. Neno wasiwasi tunalitumia kwa mnong'ono wa shetani na pia kwa mtu kutotulia nafsi. Anayetetemeka siku ya tatu ya kuacha sigara huambiwa kuwa imani yake ni dhaifu, au kuwa ana jini au amehusudiwa. Kumsomea Qur'ani na dua ni kheri na hakuna anayeikataza. Lakini ajue kuwa anayoyapata yana sababu ya mwili na yana mwisho, wala si dalili kwamba toba yake haikukubaliwa.

Wengi husema: sigara ndiyo inayonituliza. Ukweli ni kwamba sigara hutuliza dhiki ambayo sigara iliyotangulia imeisababisha. Mwaka 2014 jarida la madaktari la British Medical Journal lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26, ukaonesha kuwa walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo kuliko walioendelea kuvuta. Dhiki ya wiki chache hufuatiwa na utulivu.

Na jambo ambalo watu wa baraza za kahawa hawaambiwi: moshi wa sigara hulifanya ini kuivunja kafeini haraka. Ukiacha sigara, vikombe vile vile ulivyozoea hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na moyo kwenda mbio unakouona ni sigara unayoikosa huenda ikawa ni kahawa. Punguza kahawa kwa nusu katika wiki za mwanzo, hasa baada ya Alasiri. Na anayetumia dawa za maradhi ya akili amwambie daktari wake kabla ya kuacha, kwa sababu kwa baadhi ya dawa kipimo huhitaji kubadilishwa.

3. Kwa nini mtu asiache peke yake

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amesimulia habari za mtu aliyeua watu mia kisha akataka kutubu. Mwanachuoni aliyemwendea hakumwambia atubu akae pale pale. Alimwelekeza aihame ardhi yake, aende kwa watu wanaomuabudu Mwenyezi Mungu, aabudu pamoja nao. Toba yake ilipewa wenzake wa kuishika. Na katika hadithi nyengine Mtume (S.A.W.) amempigia mfano rafiki mwema kwa mchukuzi wa miski na rafiki mbaya kwa mvukuta moto: huyu utapata harufu yake nzuri, yule atakuunguza nguo au utapata harufu mbaya.

Wataalamu wa afya wameliona hilo kwa njia yao. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika majaribio ya kuacha tumbaku bila msaada wowote, yanayofanikiwa ni kiasi cha asilimia 4 tu. Na hapa visiwani tunalo funzo letu wenyewe: nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, ambamo waliotoka katika dawa za kulevya hukaa na wanaotaka kutoka. Aliyetangulia humwambia aliye nyuma: hili lilinipata, nalo lilipita. Mvutaji wa sigara naye anahitaji kauli hiyo.

4. Namna ya kusaidiana

Halihitajiki jengo wala fedha. Tunapendekeza haya:

a) Watu watatu hadi wanane, na angalau mmoja awe amekwisha kuacha. Wanawake wawe na kikao chao, kwani wapo mabibi wenye tumbaku ya tambuu na mabinti wenye shisha, na hao huficha zaidi.

b) Wapange siku moja ya kuacha, na kabla yake watoe nyumbani na mifukoni sigara, kiberiti na kisahani cha majivu.

c) Wakutane mara moja kwa wiki, nusu saa, baada ya sala. Kila mmoja aseme mambo matatu: wiki yangu ilikuwaje, wapi nilikaribia kuanguka, wiki ijayo nitafanya nini.

d) Kila mtu awe na mwenzake mmoja wa kumpigia simu hamu inapomshika. Aliyepigiwa asitoe hotuba. Azungumze naye dakika tano hadi wimbi lipite, au watoke watembee.

e) Kila mmoja aijue saa yake ya hatari. Kwa wengi wetu ni baada ya kahawa, baada ya chakula, baada ya futari, na barazani penye wavutaji. Saa hiyo iwekewe badala: maji, mswaki, kutia udhu, kutembea, au dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ya kujikinga na hamu na huzuni. Baraza yenye moshi aihame kwa muda bila kuwakata ndugu zake.

f) Yanayosemwa hapo ni amana. Atakayeyatoa nje amewafungia wenzake mlango.

5. Anaporudia

Wengi hurudia, na wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Kuna tofauti baina ya kuteleza na kurudi. Aliyevuta sigara moja ameteleza. Linalomrudisha kwenye pakiti nzima mara nyingi ni ile kauli ya ndani: nimeshaharibu, basi tena. Kauli hiyo ndiyo inayostahiki kuitwa wasiwasi wa shetani.

Basi aliyeteleza afanye haya siku ile ile: atupe zilizobaki, amwambie mwenzake, atubu kwa kujuta, kuacha na kuazimia, kisha ajiulize kwa utulivu, nilikuwa wapi, na nani, na moyo wangu ulikuwaje? Jibu alipeleke katika kikao kijacho, liwafae na wengine. Siku zake za nyuma hazikupotea. Toba iliyotangulia ikiwa ya kweli haibatiliki kwa kosa jipya. Kosa jipya lina toba yake. Na Mwenyezi Mungu (S.W.) amewakataza waliojidhulumu nafsi zao kukata tamaa na rehema yake (Az-Zumar 53).

Kwa wenzake tunasema hivi. Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kunywa ulevi. Mmoja katika waliohudhuria alimlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamshuhudilia mlevi yule kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika riwaya nyengine aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Kama huo ni mwenendo kwa mlevi aliyestahiki adhabu, itakuwaje kwa ndugu yako mwenye sigara?

6. Kiapo, na hatari ya kuapa kwa talaka

Aliyeapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa hatovuta tena, akavuta kwa kusudi, ana kafara: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku tatu (Al-Maidah 89). Kwa madhehebu ya Shafii kila masikini hupewa kibaba kimoja, yaani mudi, cha chakula kikuu cha mji, kama mchele. Wengi hukimbilia kufunga hali ya kuwa wana uwezo wa kulisha, hilo halitoshi. Nasaha yetu ni kwamba asiape. Aazimie kwa nia na aombe msaada.

La hatari zaidi ni anayesema: nikivuta tena, mke wangu ameachika. Tunawaomba ndugu zetu kwa jina la Mwenyezi Mungu waache kauli hii. Kwa wanavyuoni wengi, na ndiyo kauli ya Mashafii, talaka iliyofungamanishwa na jambo hupita jambo hilo linapotokea. Wapo wanaoiona kuwa ni kama kiapo ikiwa aliyesema alikusudia kujizuia tu. Hili si la kujitolea fatwa barazani. Aliyelisema, na hasa ikiwa amekwisha kuvuta, yeye na mkewe wamwendee Kadhi haraka, waseme ukweli wote kama ulivyotamkwa.

7. Saumu na dawa za kusaidia kuacha

Sigara hubatilisha saumu, kama shisha. Ubani wa nikotini hubatilisha pia, kwa kuwa dutu zake humezwa, basi utafunwe usiku. Ama plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi haibatilishi, kwa mujibu wa azimio la Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 kuhusu plasta za dawa. Kutumia dawa hizi kwa ushauri wa daktari au mfamasia ni katika kujitibu, na kujitibu kumeamrishwa. Anayefunga Ramadhani amekwisha kujionesha kuwa anaweza kukaa saa kumi na tatu bila sigara. Kilichobaki ni kutoiwasha baada ya adhana ya Magharibi, na hapo ndipo wenzake wawe naye mezani.

8. Kwa watu wa nyumbani

Mke asimnuse mumewe nguo kila aingiapo kama askari wa forodha, wala asimtaje mbele ya watoto. Wiki mbili za mwanzo amvumilie hasira bila kukubali dhulma, kwani arosto haihalalishi kumtukana wala kumpiga mtu. Mume naye aseme wazi: leo ni siku ngumu, niachieni nusu saa. Aliyeteleza asivute ndani wala karibu na watoto. Mapafu yao ni haki yao.

Na wasiwasi ukizidi mwezi bila kupungua, au mtu akashindwa kula, kulala na kufanya kazi, au akataja kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo na daktari havigombani.

Yule mwenzetu wa darsa hatukuwahi kumtaka radhi vilivyostahiki. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeacha kisha akarudia, na sasa anapita njia nyengine ili asikutane na jamaa wa msikitini. Tumfuate leo, tumtolee salamu, na tusianze na sigara.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wanaojaribu subira, awape wenzao huruma, na atukubalie sote toba zetu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ni Mjuzi zaidi.