Sarafu Zenye Vina

Miongoni mwa aliyoyaacha al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa ambaye Ibn Battuta alimkuta katika safari yake ya mwaka 1331, ni kasri la Husuni Kubwa na sarafu za shaba. Kasri limebaki magofu. Sarafu zingali zikiibuka, mvua kubwa inapoiosha ardhi au bahari inapoimega fukwe.

Sarafu yenyewe ni ndogo na nyembamba, uzito wake gramu mbili hivi. Upande mmoja pana jina la mfalme; upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, nayo yanaishia kwa al-Mannan, Mwingi wa Kutoa. Sulaiman, al-Mannan: hicho ni kina, na hakikutokea kwa bahati, kwani wafalme wengine wa Kilwa nao walitafutiwa sifa ya Mola inayopatana na majina yao. Msomaji aliyezoea kuugawa mshororo baina ya ukwapi na utao atatambua mara moja kilichofanyika. Nusu ya usemi iko usoni na nusu iko mgongoni, na anayetaka kuupata wote hana budi kuigeuza sarafu mkononi. Lugha ni ya Kiarabu, hilo halina shaka. Lakini watu waliotaka vina hata juu ya kipande cha shaba cha kununulia mahitaji ya siku, hapana dhambi kuwahesabu kuwa ni jamaa wa malenga wetu.

Jambo moja halimo katika sarafu hizo za shaba, nalo ni tarehe. Hazikuandikwa mwaka wala mji zilikopigwa. Sarafu ikikaa peke yake juu ya meza hutaja jina la mtu na kumsifu Mungu, kisha hunyamaza. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliyezichapishia makala mwaka 1936, na Freeman-Grenville aliyemfuatia katika miaka ya 1950, iliwabidi wayalinganishe majina hayo na orodha za wafalme zilizomo katika tarikhi za Kilwa, na majina yenyewe hujirudia mno: al-Hasan baba, al-Hasan mjukuu, Sulaiman huyu na Sulaiman yule.

Hapa ndipo inapoingia mashine ya kutafutia madini, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huiita detekta. Asili yake ni ya heshima. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu chombo cha namna hiyo ili kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, akashindwa. Na katika Vita vya Pili vya Dunia afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni kile kilichowawezesha askari kugundua mabomu yaliyofukiwa. Duara la waya hupitishwa umeme, umeme huzaa nguvu ya sumaku, nguvu hiyo huamsha umeme mwingine ndani ya chuma au shaba iliyofichika, na mashine hulia. Mchanga uliolowa maji ya chumvi huichanganya akili. Tena haijui thamani: kifuniko cha soda huililia kama inavyoililia dinari.

Basi kosa si la mashine. Kosa ni la mkono unaochimba mara tu inapolia, ukaitoa sarafu, ukaifuta na kuitia mfukoni, bila ya kuuliza ilikuwa imelala na nani.

Suala hilo la kulala na nani si dogo, na ushahidi wake uko Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani. Mmoja wao ni Ali bin al-Hasan, jina la mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi wa Kilwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alikwishamweka mtawala huyo mnamo mwaka 1200. Lakini pamoja na zile za fedha mlikuwa na dinari chache za dhahabu, nyingi za makhalifa wa Kifatimi wa Misri, na dinari za Kifatimi huandikwa mwaka. Zilikuwa za karne ya 11. Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja kwa ushahidi wa majirani zake wa ardhini.

Na hebu tufikiri kama hazina ile ingaliangukia mikononi mwa mtu mwenye mashine na haraka. Dhahabu ingalikwenda kwa sonara au kwa mnunuzi wa nje, vijisarafu vya fedha vingaligawanywa, na hata kama zote zingalisalimika katika makabati ya watu, ule umri wa Ali bin al-Hasan ungalipotea, kwa kuwa haukuandikwa juu ya sarafu yoyote. Ulikuwa umeandikwa katika kukaa kwao pamoja. Zanzibar ina sheria ya kuhifadhi majengo na mahali pa kale tangu 1948, na Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuchimba bila ya kibali ni kosa. Lakini fukwe ni ndefu, na walinzi ni wachache.

Wala si lazima mwenye mashine awe mharibifu. Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome huko Uingereza, Dave Crisp alisikia mashine yake ikilia, akachimba kidogo, akaona mdomo wa chungu, akaacha. Aliwaita wataalamu. Chungu kilikuwa na sarafu za Kirumi 52,503, nao wakazitoa tabaka baada ya tabaka. Ikadhihirika kwamba sarafu nyingi za Carausius, ambazo ni za mwisho kupigwa, zilikuwa chini zaidi, maana yake chungu hakikujazwa kwa kudunduliza mwaka hadi mwaka bali kwa mara moja. Mwenye pupa asingalilijua hilo kamwe.

Sarafu za Kilwa zilisafiri mbali. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, penye njia ya dhahabu iliyokuwa ikishukia Sofala. Hiyo inaeleweka. Fumbo ni zile tano alizookota askari wa Australia, Maurie Isenberg, mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, pamoja na nne za Kidachi za karne ya 17 na 18. Alizitia koponi, na hazikupelekwa kutambuliwa hadi 1979. Zilifikaje? Kwa jahazi la kutoka kwetu, kwa Mreno aliyeiteka Kilwa mwaka 1505, au mfukoni mwa baharia wa Kidachi aliyezichukua kama kumbukumbu? Isenberg alitia alama ya X juu ya ramani, pale alipokumbuka kuziokota. Mwaka 2013 Ian McIntosh na wenzake waliifuata alama hiyo hadi ufukweni, wakapekua mchanga, wakarudi bila ya sarafu nyingine ya Kilwa.