Injini Mbili Juu ya Tanganyika: Ndege ya Invader na Watu wa Maziwa Makuu

Historia ya ndege za vita katika eneo letu la Maziwa Makuu inaanzia majini. Mwaka 1916 Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne aina ya Short, zenye maboya mahali pa magurudumu. Zilisafirishwa kwa meli, reli na mto kuikata Kongo, zikafikishwa Mtoa, kaskazini ya mji ulioitwa Albertville na ambao leo ni Kalemie. Mwezi Juni zikaanza kuishambulia Kigoma, zikiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Kila ndege ilikuwa na injini moja, mabawa ya mbao na kitambaa, na watu wawili waliokaa wazi kwenye upepo juu ya Ziwa Tanganyika, ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kulivuka angani kabla yao. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, alifariki kwa maradhi mwezi Desemba mwaka uleule. Meli nayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai kabla ya kuihama Kigoma. Ikaja kuibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Huku Burundi Vita Vikuu vya Kwanza vilikuja kwa miguu. Wabelgiji waliingia Usumbura tarehe 6 Juni 1916 na Gitega tarehe 17 Juni, kisha wakaendelea kuelekea mashariki. Katika vilima vyetu vita vilijulikana kwa misafara ya askari na mizigo ya wapagazi, si kwa ngurumo za angani. Vita Vikuu vya Pili navyo vilipiganiwa mbali: mwaka 1940 Afrika Kusini ilirusha kutoka Kenya ndege za mabomu za injini mbili, Junkers Ju 86, zilizobuniwa Ujerumani, kwenda kuwapiga Waitalia upande wa kaskazini. Anga ya Tanganyika ilikaa kimya hadi 1964.

Ndege iliyouvunja ukimya huo kwa kishindo kikubwa kuliko nyingine zote ni Douglas Invader, na ndiyo sababu ya makala haya. Nimeipenda ndege hii tangu nilipoona picha zake za kwanza, na kadiri nilivyoisoma historia yake ndivyo nilivyotambua kwamba sehemu ya historia hiyo ni yetu.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 10 Julai 1942 huko El Segundo, California. Mbunifu wake, Ed Heinemann, aliitengenezea sura tatu za majaribio: ya kudondosha mabomu, ya kushambulia ardhini, na ya kupigana na ndege nyingine usiku ikiwa na rada puani. Hiyo ya usiku haikuendelea, kwa kuwa Wamarekani tayari walikuwa na ndege nyingine kwa kazi hiyo, lakini damu ya ndege ya kivita ilibaki mwilini. Mwili wake ni mwembamba kuliko inavyotarajiwa kwa chombo chenye mabawa ya mita 21. Mabawa yamepita katikati ya ubavu, yamenyooka, na chini yake zimening'inia injini mbili nene kiasi kwamba ukiitazama kutoka mbele unaona kwanza injini, halafu ndege. Yaani Heinemann alichukua injini mbili zilizokuwa kati ya kubwa kabisa za wakati wake, akazipa mwili mdogo kadiri ilivyowezekana. Hapo ndipo ulipo uzuri wake. Haina kitu kilichoongezwa ili ipendeze.

Injini zenyewe ni Pratt & Whitney R-2800, zenye silinda 18 kila moja, zilizopangwa kwa duara mbili za silinda tisatisa na kupozwa kwa hewa. Ujazo wake ni karibu lita 46. Gari dogo la kawaida halifiki lita mbili. Kila injini ilitoa nguvu za farasi 2,000, na ndege ya tani kumi na sita ikaenda hadi karibu kilomita 570 kwa saa. Katika mwaka 1944 hiyo ilikuwa kasi kubwa kwa ndege ya mabomu.

Halafu iko sauti. Injini mbili za pistoni hazipigi kelele mara mbili ya moja. Pangaboi moja ikizunguka kasi kidogo kuliko mwenzake, mivumo yao hukutana na kuachana, na masikio ya mtu aliye chini husikia mpandoshuko wa taratibu, kama kifua cha mtu mkubwa aliyelala. Rubani mzuri husawazisha mizunguko mpaka mpandoshuko huo uishe na ubaki mvumo mmoja mnene. Waliokuwa chini waliweza kusikia kazi ya mkono wake bila kumwona. Mosquito ya Waingereza, iliyotengenezwa kwa mbao, na Lightning ya Lockheed yenye mikia miwili zina sauti zao, kila moja na wapenzi wake. Zote ni nzuri. Lakini injini za Invader hazipozwi kwa maji kama za hizo mbili, na ngurumo yake ni nzito, ya kifuani.

Kwa ziwa letu injini mbili hazikuwa anasa. Tanganyika ina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50. Upande wa magharibi milima inapanda ghafla kutoka ukingoni mwa maji. Rubani wa injini moja ikimzimikia katikati hana pa kwenda ila majini au kwenye miamba. Mwenye mbili huweza kurudi uwanjani kwa ile iliyobaki, ingawa kwa taabu: ndege huvutwa upande mmoja kwa nguvu, na mguu wa rubani hulazimika kukandamiza usukani wa mkia mfululizo mpaka atue.

Kabla ya kufika Kongo, Invader ilikuwa imezeekea vitani. Ilipigana Ulaya mwishoni mwa vita vya Hitler, ikapigana Korea, Wafaransa wakaitumia Indochina na Algeria. Mwezi Aprili 1961 Wakuba waliomkimbia Fidel Castro waliirusha kutoka Nikaragua katika uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe, na Castro akajibu akiwa naye na Invader zilezile. Uvamizi ule ulishindwa, lakini marubani walionusurika walibaki mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Baadhi yao ndio walioletwa kwetu.

Chuma nacho kilikuwa kimechoka. Mwezi Februari 1964 Invader moja ilikatika bawa mbele ya watazamaji katika maonyesho ya jeshi huko Florida. Wakati huo kampuni ya On Mark, ya Van Nuys, California, ilikuwa imeshapewa kazi ya kuziunda upya ndege 40: mihimili ya mabawa ikaimarishwa kwa chuma, injini zikapandishwa hadi nguvu za farasi 2,500, matangi ya mafuta yakafungwa kwenye ncha za mabawa, na pangaboi zikawekwa zinazoweza kusukuma hewa mbele ili kufupisha mbio za kutua. Puani zilipangwa bunduki nane za rashasha za milimita 12.7. Chini ya mabawa kulikuwa na nafasi nane za roketi na mabomu. Aina hiyo iliitwa B-26K, na ilianza kuwasili Kongo mwezi Agosti 1964.

Kilichoiita ni uasi wa Simba dhidi ya serikali ya Kongo. Mapema mwaka ule Gaston Soumialot alikuwa Bujumbura akiandaa mapambano ya upande wa mashariki ya Kongo, mji huo ukiwa na ubalozi wa China na wageni wa kila rangi ya siasa. Uvira ilianguka mwezi Mei, Albertville mwezi Juni, na tarehe 5 Agosti Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Vijana wa Simba waliamini kwamba dawa waliyonyunyiziwa ingegeuza risasi kuwa maji, wakasonga mbele wakilitaja jina la Mulele, kiongozi mwingine wa waasi. Jeshi la serikali lilikuwa likikimbia miji bila kupigana. Ndege zilibadili hesabu hiyo. Kwanza zilikuja T-28 za injini moja, kisha Invader, zote zikiwa na alama za Kongo na marubani Wakuba. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, kabla ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kuruka juu ya Stanleyville, Invader ndizo zilizotangulia kuupitia uwanja kwa risasi.

Mwaka 1965 vita vilihamia ukingoni mwa ziwa, katika milima ya Fizi na Baraka, ng'ambo ya pwani ya Burundi. Hapo ndipo historia ilipofanya jambo ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kulibuni. Tarehe 24 Aprili Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akatua Kibamba, akijulikana kwa jina la Tatu, na Wakuba wa Castro wakamfuata kwa makundi. Juu yao, kutoka uwanja wa Albertville, walikuwa wakiruka Wakuba wa Miami. Watu wa kisiwa kimoja, waliokwisha kupigana kwao miaka minne nyuma kwa ndege ya aina hiyohiyo, waliendeleza ugomvi wao juu ya vijiji vya Wabembe. Mwanzoni hakuna upande uliokuwa na hakika kwamba mwenzake yupo. Tarehe 29 Juni waasi na Wakuba walishambulia kituo cha umeme cha Bendera, wakashindwa, na katika miili iliyoachwa ndimo zilimopatikana karatasi zilizofichua kwamba Castro ana watu Kongo.

Tangu hapo ziwa lilifungwa. Mashua za kutoka Kigoma zilivuka usiku tu, kwa kuhofia ndege na boti za doria. Bunduki nane za Invader hazielekezwi kwa mkono: rubani huielekeza ndege nzima, hushuka kwa pembe ndogo, na chochote kilicho mbele ya pua, kiwe mashua ya silaha au ngalawa ya wavuvi wa dagaa, humiminiwa risasi kwa sekunde chache. Kwa kasi ile na urefu ule macho ya rubani hayana muda wa kutofautisha. Mwezi Februari mwaka huo ndege za Kongo zilishambulia hata Paidha na Goli, vijiji vilivyomo ndani ya mpaka wa Uganda. Tarehe 27 Septemba mamluki wa serikali walioongozwa na Mike Hoare walitua Baraka kwa boti, ndege zikiwafungulia njia. Fizi ikachukuliwa mwezi Oktoba. Tarehe 21 Novemba Che aliondoka kwa mashua kurudi Kigoma.

Naisema hukumu yangu wazi. Invader ni kati ya ndege nzuri kabisa zilizowahi kubuniwa na mkono wa binadamu, na kazi iliyofanya juu ya Tanganyika ilikuwa ya kutisha. Sioni haja ya kuifuta kauli moja ili nyingine isimame. Fundi aliyezipanga silinda 18 alifanya kazi yake kwa uaminifu. Waliopanga zitumike wapi, na juu ya nani, watajibu kwa yao.

Kinachonisumbua ni kumbukumbu. Leo Invader chache bado huruka katika maonyesho ya Marekani na Ulaya, zimepakwa rangi mpya, na watu hulipa kiingilio ili kuisikia ile ngurumo. Nawaelewa kabisa, ningekuwa karibu ningelipa pia. Hoare aliandika kitabu chake. Maandishi ya Che juu ya Kongo yalichapishwa. Marubani wa Miami wamehojiwa na wanahistoria. Aliyekuwa angani ana neno lake, na aliyekuwa na bunduki msituni ana lake. Sauti inayokosekana ni ya mtoto wa Baraka aliyekimbilia migombani, ya mama aliyezima moto wa jikoni ili moshi usionekane, ya mvuvi aliyeacha kuvua mchana.

Watu hao hawako mbali na sisi. Hapa Kobero, mji wetu wa mpaka wa Burundi na Tanzania, tumezoea kuwaangalia wanaopita: malori ya Dar es Salaam yakitokea Kabanga, wafanyabiashara, wakimbizi wa kwenda na wa kurudi. Lakini katika eneo hilihili la Muyinga iko kambi ya Gasorwe, iliyofunguliwa mwaka 2002, na wakazi wake ni Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati Invader zikiruka juu ya Fizi sasa amepita sabini. Kutoka Kobero hadi kambini ni safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatunza ngoma, mikuki na vyombo vya enzi za wafalme. Nayaomba yafungue sehemu ya sauti za wazee juu ya vita vya angani vya ziwa letu, na Chuo Kikuu cha Burundi kiwatume wanafunzi wake wa historia Gasorwe na Bujumbura, na ng'ambo Kigoma na Uvira, kabla wazee hao hawajatutoka. Wawaulize mambo madogo: ngurumo ilitangulia au ndege? Ilitokea ziwani au milimani? Mliiitaje? Nani hakurudi siku ile? Na wewe msomaji uliye Muyinga au Ngara, mwenye simu inayorekodi sauti na jirani mzee aliyetoka upande ule, huna haja ya kusubiri barua ya wizara. Mwombe ruhusa, kaa naye, andika jina la kijiji na mwaka anaoukumbuka, kisha nakala moja uipeleke Gitega.