Gambuti la Mtegaji: Lilikotoka na Namna ya Kulichagua

Leo tuipumzishe mbolea kidogo. Maji yameingia bondeni, watu wameanza kusuka migono, na swali ninaloulizwa kila ninapokaa kwenye benchi la kahawa ni moja: mtu anayetega kambale anunue gambuti lipi?

Mara ya kwanza nilipolijibu swali hili nilikosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikishauri kikundi kimoja cha wategaji kinunue mabuti mafupi, yale yanayoishia katikati ya muundi, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Nilipowatembelea baada ya miezi miwili niliyakuta mabuti yametundikwa ukutani na wenyewe wako majini pekupeku. Pale walipokuwa wanatega, maji yaliwafika magotini. Buti lilijaa kila siku. Mzee mmoja akaniambia bila hasira, "Bwana shamba, ulituuzia ndoo za miguuni." Sikuwa nimewauzia mimi, lakini nilielewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mabuti kila ninapozipata, na nimegundua kwamba sikuwa wa kwanza kukosea. Kila buti lililopata kutengenezwa lina mahali liliposhindwa, na ukipajua mahali hapo, utajua cha kukagua dukani.

Tuanze na wategaji wenyewe. Kati ya miaka ya 1820 na 1840, katika milima ya Rocky huko Marekani, kulikuwa na watu walioishi kwa kumtega biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, meno ya kuangusha miti na mkia mpana kama mwiko. Manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya. Biva ana pua kali. Akinusa harufu ya mtu ukingoni, hasogei. Kwa hiyo mtegaji aliingia mtoni mbali kidogo, akatembea ndani ya maji ili asiache harufu, akautega mtego chini ya maji. Na maji yenyewe yalitokana na theluji. Miguuni alivaa viatu vya ngozi laini, kama wenyeji wa nchi ile. Ngozi ya namna hiyo ikilowa inakuwa kama mlenda, na ikikauka inasinyaa na kubana mguu. Baadhi yao wakakata sehemu ya chini ya suruali zao za ngozi wakashonea blanketi la sufu, maana sufu haisinyai hivyo. Angalia walichofanya: hawakuweza kuyazuia maji, wakachagua kitu kisichowaumiza kikilowa. Maumivu ya viungo yalikuwa sehemu ya kazi yao.

Dawa ya maji ilikuwepo tayari, ila mbali nao. Wenyeji wa misitu ya Amazon walikuwa wakigema utomvu wa mti wa mpira, wakaupaka kwenye umbo la mguu na kuukausha kwa moshi, tabaka juu ya tabaka. Katika miaka ya 1820 na 1830 wafanyabiashara walivipeleka viatu hivyo hadi Boston, na watu wakavigombania. Vilizuia maji kweli. Lakini wakati wa baridi viligeuka vigumu kama gome, na joto lilipokuja vilinata na kunuka. Wenye duka, mnaijua hali ya mzigo kuharibikia stoo. Ndivyo ilivyokuwa.

Aliyeitatua shida hiyo ni Charles Goodyear, Mmarekani aliyekuwa amefungwa jela zaidi ya mara moja kwa madeni. Mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapata moto mkali, haunati tena wakati wa joto wala haukakamai kwenye baridi. Salfa yenyewe ni ileile wakulima wa korosho wanayopulizia mikorosho. Alipata hataza yake mwaka 1844, na alikufa mwaka 1860 akiwa bado anadaiwa. Mwenzake mmoja, Hiram Hutchinson, alinunua haki ya kutumia njia hiyo kwa viatu, akafungua kiwanda Ufaransa mwaka 1853. Wateja wake wakubwa walikuwa wakulima waliozoea kwenda shambani na viatu vya mbao. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa kutembea na gambuti mjini, mwambie ni kiatu cha mkulima tangu zamani.

Siwezi kupita hapa bila kusema mpira huo uligharimu nini. Mahitaji yalipopanda, hasa baada ya mpira wa baiskeli wa kujazwa upepo kutokea mwaka 1888, Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwalazimisha watu wa Kongo kukusanya mpira wa mwitu msituni. Vijiji vilivyoshindwa kufikisha kiasi vilichomwa moto na watu kuuawa, wengine kukatwa mikono. Hali hiyo iliendelea mpaka alipoondolewa kwenye utawala wa nchi ile mwaka 1908. Huku kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira wa aina nyingine, na bei ilipoanguka mwaka 1913 mengi yakaachwa. Mti wenyewe ulibaki. Ni ule tunaouita kisamvu mpira, na huenda uko nyuma ya jiko lako sasa hivi.

Turudi kwa mtu wa majini. Mwaka 1911, katika jimbo la Maine huko Marekani, Leon Leonwood Bean alirudi kutoka mawindoni miguu imelowa na kuvimba. Buti la ngozi lilivuja, na buti la mpira mtupu lilikuwa zito kutembea nalo siku nzima. Akamwomba fundi viatu ashone ngozi juu ya kiatu cha mpira: mpira ukae kwenye maji na matope, ngozi ipande mguuni. Wazo zuri kabisa. Akauza jozi 100 za kwanza kwa ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha.

Jozi 90 zilirudi.

Ngozi haikuwa mbovu, wala mpira haukuwa mbovu. Mshono ulichana mpira pale vitu viwili vilipokutana. Bean akawarudishia wateja fedha zao, akakopa, akatafuta mpira imara zaidi, akatengeneza upya. Kampuni yake ipo mpaka leo na bado inaliuza buti hilo. Wewe mwenye duka, nakuachia hesabu ya fedha zile zilizorudishwa. Wewe mnunuzi, chukua hili: buti huvuja kwenye maungio kabla ya mahali pengine popote. Ukilishika, anza pale soli inapokutana na kiwiliwili cha buti. Likunje kwa nguvu. Ukiona mstari unafunguka au gundi imetapakaa, lirudishe kwenye rafu.

Miaka michache baadaye ilikuja Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa Uingereza walisimama kwenye mahandaki yaliyojaa maji kuanzia mwishoni mwa 1914, na miguu ikaanza kufa ganzi, kuvimba na kuoza. Kiwanda kimoja cha Edinburgh kilitengeneza zaidi ya jozi milioni 1 za mabuti ya mpira kwa ajili yao. Yalisaidia, lakini mabuti peke yake hayakumaliza tatizo, kwa sababu mpira unaozuia maji kuingia unazuia na jasho kutoka. Kilichofanya kazi ni amri ya kuvua, kukausha miguu, kubadili soksi na kukaguliwa kila siku. Nawaona wengi wenu mkilala mnasubiri migono na gambuti mguuni tangu jioni hadi alfajiri. Vueni. Soksi kavu ya pili ifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nalitaka zaidi, na linahusu ng'ombe wa Japani.

Katika bonde la Katayama, wakulima wa mpunga walikuwa wakiugua ugonjwa wa kuvimba tumbo na kudhoofika mpaka kufa. Mwaka 1847 tabibu wa huko, Fujii Yoshinao, aliandika kwamba watu na ng'ombe wakiingia majarubani, miguu yao inatoka vipele vinavyowasha. Leo tunajua ulikuwa kichocho cha aina ya Asia. Mdudu mwenyewe alipopatikana mwaka 1904, madaktari walibishana: je, anaingia kwa kunywa maji au kwa ngozi? Wengi waliamini ni mdomoni, na wakawahimiza wakulima wachemshe maji. Mwaka 1909 Fujinami Akira na wenzake waliwapeleka ng'ombe kwenye maji yale. Baadhi walifungwa midomo wasinywe, miguu ikaachwa wazi. Wengine walizibwa miguu isiguse maji. Waliougua ni wale ambao miguu yao iliachwa wazi. Fujinami mwenyewe alikuwa akitegemea jibu tofauti.

Mwaka 1913 Miyairi Keinosuke na Suzuki Minoru walionyesha kwamba mdudu huyo hukulia ndani ya konokono, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha huko Misri kwamba vichocho vya Afrika navyo hupitia kwa konokono. Ndiyo habari yetu. Maji ya bondeni, ya malambo na ya kingo za Ziwa Victoria yana konokono hao. Anayetega kamongo au kambale anasimama hapohapo kwenye majani wanapokaa, na mara nyingi saa za jua kali, ambapo vimelea hutoka kwa wingi kwenye konokono. Huingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kosa langu kwa kile kikundi lilikuwa kubwa kuliko usumbufu. Buti lililofurika linakaa na maji yaleyale kwenye ngozi muda wote. Kwa kichocho, mguu wa namna hiyo hauna tofauti na mguu mtupu.

Basi, kabla ya kwenda dukani chukua fimbo, ipime pale unapotega, utie alama. Buti lipite alama hiyo kwa kiganja kizima, maana mguu unazama kwenye tope na ukiinama maji yanapanda. Maji yakivuka goti, gambuti la kawaida halikufai. Tafuta buti la mpaka pajani, au suruali ya mpira iliyounganishwa na buti, au tega kutoka kwenye mtumbwi. Suruali ya mpira ifungwe mkanda kiunoni. Ukiteleza kwenye maji ya kina, maji yaliyoingia hayakuvuti chini kama watu wanavyosema, lakini utashindwa kupanda ukingo nayo. Kwa wategaji wa kaa mikokoni habari ni nyingine: kichocho hakikai kwenye maji ya chumvi, hofu yenu ni chaza wakali na tope linalonyonya. Soli ngumu, na buti linalobana kifundo.

Uliza pia kama ni mpira au plastiki. Mpira unavutika ukauacha ukarudi, na fundi baiskeli anaweza kuuziba kwa kiraka chake. Plastiki ni nafuu na haijali dizeli, lakini gundi ya baiskeli haiishiki vizuri, na hupasuka pale kidole kinapokunjika. Lolote utakalonunua, ingia nalo chumba chenye giza, washa tochi ya simu ndani yake, kitundu kitajionyesha. Nyumbani ligeuze juu chini kwenye vijiti viwili, kivulini. Jua linaulia mpira.

Hata Japani haikuumaliza ugonjwa kwa mabuti. Walijenga mifereji kwa saruji, wakaua konokono na kutibu watu, mpaka mwaka 1996 ndipo walipotangaza kwamba umekwisha. Na gambuti jipya halimtoi mdudu aliyeingia zamani. Anaweza kukaa mwilini miaka mingi. Kama umetega miaka yote pekupeku, nenda kituo cha afya upimwe, dawa ipo. Ukipeleka mkojo kwa kipimo cha kichocho, utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka mengi. Wa alfajiri unaweza kukudanganya.