Kunasa Picha: Historia Fupi ya Istilahi na Somo la Nyavu za Ziwa Nyasa

Istilahi haizaliwi ofisini peke yake. Hukomaa pale kifaa kinapofika mikononi mwa watu. Nchini Tanzania kifaa tunachokizungumzia, yaani kadi ya kompyuta ya kunasa picha za video, kilichelewa kufika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake vya kwanza. Kwa hiyo istilahi za video na za kompyuta zilituingilia karibu kwa pamoja, na wafasiri hawakupata nafasi ya kuzipima moja moja.

Kwingineko kazi hiyo ilikwisha kuanza. Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch aliingiza picha ya mwanawe katika kompyuta ikiwa na nukta 176 kwa 176, yaani nukta 30,976 tu. Mwaka 1986 kampuni ya NewTek ilitoa Digi-View kwa ajili ya kompyuta ya Amiga: kamera ilipiga picha ileile mara tatu, kwa kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, na kitu kilichopigwa kilipaswa kutulia. Kadi zilizofuata zilinasa picha zinazotembea. Picha moja ya video yenye nukta 720 katika mistari 576 ina nukta 414,720. Kila nukta ikichukua baiti 3, na picha zikipita 25 kwa sekunde, kompyuta hupokea zaidi ya baiti milioni 31 kila sekunde.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Neno la Kiingereza linalotaja wingi wa nukta hizo ndilo pia linalotaja uamuzi wa mkutano. Anayefuata kamusi bila kutazama kifaa huandika "azimio", na mwalimu wa Mbinga anayefungua mwongozo huo hukuta picha yenye "azimio kubwa". Mwanafunzi anayelijua Azimio la Arusha la mwaka 1967 atauliza, kwa haki kabisa, picha hiyo imeazimia nini.

Wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wanaweza kutusaidia. Wavu wenye matundu makubwa hupitisha dagaa. Wenye matundu madogo huwanasa. Picha nayo ni hivyo: nukta zikiwa chache, umbo la jiwe la Pomonda pale Liuli, ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri hata wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen, hubaki doa tu. Zikiwa nyingi, umbo huonekana.

Lakini wavu haumzai samaki ziwani. Tuseme familia moja ina ukanda wa VHS wenye ngoma ya mganda au kioda. Ukanda wa aina hiyo hubeba undani wa takriban mistari 240 tu kwa upana. Kadi hata ikiuandika kwa nukta 1,920 kwa 1,080, haitaongeza uso ambao ukanda haukuuhifadhi. Asiyeelewa jambo hili hununua kadi ya bei kubwa, huku ukanda wenyewe ukizidi kuchakaa.

Kwa sababu hiyo napendekeza tutenganishe mambo mawili. "Wingi wa nukta" utaje hesabu ya nukta. "Undani wa picha" utaje kile kinachoonekana kweli. Kitenzi "kunasa" kibaki, maana tumezoea kusema kunasa sauti. "Ngamizi" na "tarakilishi" yalipendekezwa, lakini Watanzania wengi walibaki na "kompyuta". Basi istilahi ipimwe kwanza kwa mtu atakayeitumia: akiisikia, ajue afanye nini na ukanda wake kabla haujaharibika.